Jamani Ujiji! Nimetoka kwa Livingstone na Sijatulia

Nimerudi sasa hivi, vumbi la Ujiji bado liko kwenye viatu, na tangu nishuke kwenye bajaji sijakaa chini. Wewe, hebu acha hayo unayoyafanya. Acha kabisa! Nimetoka makumbusho, pale kwa Livingstone, yule mmisionari msafiri wa zamani, na lazima nikusimulie kabla sijapasuka.

Unajua mimi nimekulia hapa hapa Kigoma, Mwanga. Ujiji nimekwenda mara nyingi mno, harusi, misiba, kufuata migebuka, kumsalimia mama mkubwa. Kilomita kama nane tu! Na siku zote nilijua makumbusho yapo, kama unavyojua jirani ana kisima ila hujawahi kuyaonja maji yake. Leo nimeonja. Matamu, ya baridi, yanashuka mpaka kifuani, na bado!

Sikiliza. Unaingia ndani umetoka kwenye jua la saa saba, macho yana kiza, huoni vizuri, mara paa! Watu wawili wamesimama mbele yako. Nusura niseme shikamoo, wallahi. Kumbe sanamu! Livingstone na Stanley aliyemtafuta mpaka akampata, wenyewe, wakubwakubwa, wa karatasi iliyolowekwa, ikakandwa, ikaumbwa, ikapakwa rangi. Hazing'ai kama zile sanamu za shaba za mijini, na hapo ndipo zilipoiiba roho yangu, kwa sababu unahisi kabisa kuna mtu aliyekaa akazifinyanga kwa vidole vyake, taratibu, akirudi nyuma kuzitazama, akisogea tena. Wamekutanishwa palepale walipokutana. Ukizitazama kwa pembeni unaona kama wanavuta pumzi!

Halafu michoro ya ukutani. Jamani, michoro! Misafara, wapagazi, pembe za ndovu, rangi zimekolea kweli kweli, nikawa narukaruka kutoka picha hii kwenda ile kama mtoto sokoni. Mpaka nikafika kwa watu waliofungwa minyororo. Hapo ulimi wangu ukakatika. Nilisimama tu. Kutoka Ujiji hadi Bagamoyo, pwani walikopelekwa watumwa, ni zaidi ya kilomita 1,000, na walikwenda kwa miguu, na mzigo kichwani. Nilikuwa nimesoma hayo darasani, nikayaandika kwenye mtihani, nikapata vema. Lakini kusoma ni kitu kingine. Pale mtu anakutazama kutoka ukutani, na wewe umesimama kwenye mchanga uleule alioukanyaga. Ukifika, tafadhali usipite haraka.

Na bado! Maana hujasikia maongezi.

Mwongoza wageni hakushika karatasi. Anasimulia kwa mikono, kwa nyusi, anashusha sauti mpaka mnainama wote kumsikiliza, kisha anaipandisha ghafla mnashtuka! Akatueleza jinsi Livingstone alivyorudi Ujiji hoi bin taabani, mgonjwa, akakuta bidhaa alizotumiwa zimeuzwa zote. Hana kitu. Na huku mwandishi wa gazeti la New York Herald, Stanley, yuko njiani anamtafuta. Tena mtu aliyetoka mbio kumlaki Stanley alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone! Miaka yote nilidhani kisa hiki kina watu wawili tu.

Na Susi hakuishia hapo. Livingstone alipofariki mwaka 1873 kwa Chifu Chitambo, Zambia ya leo, Susi na mtumishi mwenzake Chuma na wenzao waliuzika moyo wake palepale, wakaukausha mwili, wakaubeba miezi na miezi, mito, mabwawa, njaa, mpaka Bagamoyo, Februari 1874. Kwa mabega! Nilipata kigugumizi. Ningekuwa na uwezo, ningewafinyangia hao sanamu ndefu kuliko zote, zinazogusa dari.

Nje sasa. Mnara wa jiwe, una ramani ya Afrika imechongwa na msalaba juu yake, na tarehe ya kukutana kwao, 10 Novemba 1871. Nimeupapasa! Jiwe linakwaruza kiganja, lina joto upande wa jua na baridi upande wa kivuli. Ule mwembe waliokutania chini yake ulikufa zamani, ila miembe iliyopo inasemekana ni uzao wake, na kivuli chake, ewe ndugu yangu, kivuli kizito, kitamu, cha kulalia.

Nikauliza, mbona ziwa liko mbali, si wanasema palikuwa ufukweni? Hapo nilipata zawadi ambayo sikuitegemea hata kidogo. Enzi zile ziwa lilikuwa juu zaidi, likajaa, likajaa, mpaka katika miaka hiyo ya 1870 likajifungulia njia kupitia mto Lukuga, upande wa Kongo, likashuka. Ziwa Tanganyika! Hili tunaloogea na kufulia kila siku! Nimeishi kando yake maisha yangu yote, halikuwahi kunitobolea siri hiyo.

Basi usirudi mjini moja kwa moja. Teremka ufukweni ukawaone mafundi wa maboti. Mbao ndefu, nyundo ko ko ko, kalafati inashindiliwa kwenye maungio pamba baada ya pamba, harufu ya mbao mbichi imechanganyika na ya dagaa wanaoanikwa, na ule ubavu wa boti jipya, umepinda vizuri kupita maelezo, laini, mwekundumwekundu, unatamani uuegemee. Nimeuegemea! Ukitoka kuona sanamu ukaja hapa, unakuta ni mikono ileile ya Ujiji. Maonyesho hayajaisha, yamehamia mchangani tu.

Sasa nakuomba. Nenda ungali na muda, siyo ile ya kuchungulia na kupiga picha mbili. Mpe mwongozaji nafasi asimulie mpaka mwisho, usimkatishe, kisha muulize maswali mengi, mengi mno, anapenda. Wachukue watoto. Mchukue na bibi, yeye atawarekebisha wote. Mimi narudi Jumamosi asubuhi, na nafasi yako kwenye bajaji nimeshaiweka.