Nani Aliyeiangusha Kura?

Katika zoezi la tafsiri hapa Gitega tulipewa nahau ya Kiingereza inayomhusu mtu aliyepatwa, kwa bahati tu, na kazi isiyotakiwa na yeyote. Wengi wetu tuliandika “amevuta unyasi mfupi”. Maneno ni ya Kiswahili, lakini Mswahili akiyasikia atadhani tunazungumzia malisho ya ng’ombe.

Desturi yenyewe ni nyepesi. Mmoja hufumbata vijiti mkononi, kwa juu vyote vinalingana, kila mtu anavuta, na mwenye kifupi ndiye anayekwenda. Wafaransa wanayo pia. Wimbo wao mmoja wa watoto unasimulia mabaharia walioishiwa chakula, wakavuta ili wajue nani ataliwa! Sisi nasi tuna chombo chetu baharini: kisa cha Yona, ambaye Waislamu humwita Yunus. Ndiyo maana ningetafsiri “kura imemwangukia”.

Hata hivyo nasita. Kwa Mwingereza, mtendaji ni mtu: amevuta mwenyewe. Kwetu mtendaji ni kura, na mtu ameangukiwa tu, kama tone la mvua. Anayeshika karatasi haonekani popote katika sentensi.

Nilisoma sekondari Muyinga. Kundi letu la wanafunzi sita lilipiga kura kila wiki kumpata wa kusafisha vyoo. Karatasi zilikunjwa na kutiwa ndani ya kofia. Msichana mmoja alikuwa amerudi na wazazi wake kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania. Kiswahili chake kilitushinda sote, Kirundi kilimpa shida. Kwa kuwa mgeni, alivuta wa mwisho. Wiki nne mfululizo alipata karatasi yenye alama, nasi tukamwambia, “Kura imekuangukia tena, dada!” Karatasi ile ilikunjwa mara moja zaidi kuliko nyingine. Watano tulijua. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Basi kwa kisa hicho tafsiri yangu ni sahihi kama nahau na ni uongo kama habari. Bahati nzuri sarufi yetu ina vinyambuo: anguka, angukia, angusha, angushia. Katika daftari langu la tafsiri, chini ya jibu nililopewa alama zote, nimeongeza sentensi moja ambayo mwalimu hakuiomba: “Tulimwangushia kura.”