"Kompyuta Yako" Ni ya Nani?

Katika miongozo ya huduma za wingu kuna kimilikishi kidogo ambacho sisi wahakiki hatujakitupia jicho: "yako". Fungua dirisha la amri kwenye kompyuta yako, mwongozo unasema, kisha andika yafuatayo. Yanayofuata mara nyingi ni chmod 400, jina la faili ya ufunguo, halafu ssh na anwani ya seva. Mistari miwili tu. Lakini chmod ni amri ya ukoo wa Unix, uliozaliwa katika Maabara za Bell mwaka 1969. Kwenye Windows ya kawaida haipo. Ruhusa za faili huko hupangwa kwa icacls, yenye sarufi yake. Mwongozo haukusema "kama unatumia Linux au Mac". Umesema "yako".

Mengine hayaonekani hata kwa jicho kali. Mkwaju wa nyuma, \, ukikaa mwishoni mwa mstari wa Bash husema: sijamaliza, endelea kusoma. Katika Command Prompt kazi hiyo ni ya ^. Nukuu moja moja zinazofunga maandishi ya JSON, Command Prompt haizihesabu kuwa nukuu, kwa hiyo lawama huangukia JSON, na msomaji anabaki kukagua maandishi yasiyo na dosari. Kisha kuna curl: katika PowerShell 5.1, ile inayokuja na Windows, jina hilo ni lakabu ya Invoke-WebRequest. Jina moja, watu wawili, na hakuna aliyewatambulisha.

Wapo watakaotetea kwamba seva nyingi za wingu ni Linux, basi mwanafunzi azoee. Wanachanganya anakokwenda msafiri na anakotoka. Katika maabara ninayosaidia kufundisha, kompyuta nyingi ni za Windows, na nimemsikia mwanafunzi akisema somo hili si la watu kama yeye. Wingu lenyewe alikuwa hajalifikia. Alikuwa angali mlangoni kwake.

Nyaraka za Azure mara nyingi huweka vichupo vya Bash na PowerShell bega kwa bega. Si ajabu, mwenye Azure ndiye mwenye Windows, lakini msomaji anafaidi. Google nao wana Cloud Shell, dirisha la Linux ndani ya kivinjari: njia safi ya kulikwepa swali, kwa mwenye intaneti isiyokatika. Ushauri unaonikera zaidi ni ule wa "sakinisha WSL kwanza", yaani weka Linux ndani ya Windows ndipo usome. Ni zana nzuri, naitumia. Ila mwandishi anayemtaka msomaji ahame nyumba ili aelewe aya ya pili angeweza kuanza kwa kuandika "Amri hizi ni za Bash." Maneno matano, na mengine msomaji atayatafuta mwenyewe akijua anatafuta nini.