PhotoRec: Picha hurudishwaje baada ya kufutwa

Ukifuta picha kwenye memori kadi ya kamera, picha yenyewe haiguswi. Katika FAT32, mfumo wa faili wa kadi nyingi zisizozidi GB 32, hubadilika vitu viwili tu: herufi ya kwanza ya jina la faili huandikwa upya kuwa baiti E5, na mnyororo unaoonyesha vipande vya faili vilipokaa hujazwa sifuri. Ni kama mwenye nyumba aliyefuta jina la mpangaji kwenye daftari huku mpangaji mwenyewe bado amelala chumbani. Hatatoka mpaka aje mwingine.

Programu nyingi za kurudisha faili huanza kwa kulisoma daftari hilo na kujaribu kulirekebisha. PhotoRec hailiamini kabisa. Mfaransa Christophe Grenier aliiandika hivyo kwa makusudi, na ndiyo sababu hufanya kazi hata kwenye kadi iliyofomatiwa upya au ile ambayo Windows inasema haiwezi kuifungua. Ni programu huria chini ya leseni ya GPL, haina toleo la kulipia, na huja pamoja na ndugu yake TestDisk, ambayo kazi yake ni kurudisha sehemu za diski zilizopotea.

Badala ya majina, PhotoRec hutafuta saini. Kila aina ya faili huanza na baiti zake: PDF huanza na %PDF, faili ya ZIP na herufi PK, picha ya JPEG na FF D8 FF. Programu inazijua aina zaidi ya 480. Kwa kuwa faili siku zote huanza mwanzoni mwa klasta, yaani kundi la sekta ambalo mfumo wa faili huligawa kama kipande kimoja, hakuna haja ya kutafuta saini kila mahali. Kadi yenye klasta za kilobaiti 32 ina sekta 64 katika kila klasta, na ni ile ya kwanza tu inayoweza kuwa mwanzo wa faili. Ukubwa wa klasta ukiwa haujulikani kwa sababu sekta ya mwanzo ya kadi, inayoutaja, imeharibika, PhotoRec husoma sekta moja baada ya nyingine hadi ipate faili kumi za kwanza, kisha hukokotoa ukubwa huo kutokana na mahali zilipokutwa.

Kujua faili inapoanzia ni kazi nyepesi. Kujua inapoishia ndiko kwenye utaalamu. JPEG huishia na FF D9, na mtu angedhani inatosha kusoma mpaka baiti hizo zionekane. Lakini picha ya kamera hubeba ndani ya kichwa chake picha nyingine ndogo, mara nyingi ya pikseli 160 kwa 120, ile inayoonyeshwa unapopitia orodha. Picha hiyo nayo ni JPEG kamili, ina FF D8 yake na FF D9 yake. Programu isiyo makini ingekata hapo na kukukabidhi harusi nzima katika vipicha visivyochapika.

Dawa imo ndani ya muundo wa JPEG wenyewe. Kichwa chake kimegawanywa katika sehemu, na kila sehemu hutangaza urefu wake kwa baiti mbili. Anayesoma urefu huo huirukia sehemu inayofuata, na picha ndogo hurukwa yote na sehemu iliyoibeba. Baada ya alama ya FF DA huja data iliyobanwa, na hapo waliobuni JPEG waliweka sheria nzuri sana: kila baiti FF inayotokea ndani ya data hufuatwa na 00. Kwa hiyo FF D9 ikionekana humo, ni mwisho wa kweli. Zaidi ya hapo, PhotoRec hujaribu kuifungua picha kwa maktaba ya libjpeg, ili itambue pale data inapovunjika katikati.

Kuvunjika huko hutokea faili ilipohifadhiwa vipande vipande, na kwa kuwa mnyororo umeshafutwa, hakuna wa kusema kipande cha pili kiko wapi. Mpiga picha anayefomati kadi kabla ya kila kazi ana bahati: kamera huandika picha kwa kufuatana, na picha zilizofuatana hurudi nzima. Anayefuta moja moja katikati ya sherehe ili apate nafasi ndiye anayetawanya vipande. Video ni ngumu zaidi. Baadhi ya kamera huandika kichwa cha faili mbali na data yake, na PhotoRec hukupa vipande viwili uviunganishe mwenyewe.

Sura yake haipendezi: skrini nyeusi, maandishi, mishale ya kibodi. Ipo QPhotoRec kwa wanaotaka vitufe vya kubofya. Kwa vyovyote vile, chagua aina za faili kabla ya kuanza, la sivyo utaletewa mabaki ya kila namna. Matokeo huwekwa kwenye folda za recup_dir, faili 500 kwa kila folda, na majina kama f0123456.jpg. Majina ya zamani hayapo tena, lakini tarehe ya kupiga picha imo ndani ya faili, na ExifTool ya Phil Harvey, nayo ya bure, inaweza kuzibadilisha majina zote kwa tarehe hiyo kwa amri moja.

PhotoRec husoma tu kadi unayoiokoa, haiiandikii. Hatari inatoka kwako: ukiipakua kwenye diski ileile iliyopoteza faili, au ukihifadhi matokeo humo humo, unafunika unachokitafuta. Kadi inayosomeka kwa shida itolee nakala kwanza kwa programu ya GNU ddrescue, ambayo huchukua sehemu nzima kabla ya kung'ang'ana na sehemu mbovu, kisha uiendeshe PhotoRec kwenye nakala hiyo. Na kwenye SSD za kompyuta usitarajie makubwa. Mfumo ukifuta faili huiarifu diski kwa amri ya TRIM, na diski nyingi baada ya hapo hurudisha sifuri tupu.

Kabla ya yote hayo, hakikisha faili zimepotea kweli. Flashi iliyopita kwenye kompyuta yenye kirusi cha shotikati huonekana tupu au yenye shotikati tu, kumbe faili zimefichwa tu kwa kubadilishiwa sifa. Ikague flashi kwa antivairasi, kisha fungua dirisha la amri la Windows na, kama flashi ni F, andika attrib -h -r -s /s /d F:\*.* halafu ubonyeze Enter.