Pampu Isiyovunja Kaboni

Sahani ilikuwa nyeupe, ya udongo, imewekwa juani juu ya pipa. Fundi alikuwa amekinga tope la bomba la mwisho, pale linapomwagika kwenda bwawa la mabaki, akalichuja kwa wavu mwembamba na kulisuuza, glavu mikononi. Lilipokauka, mchanga wa kijivu ulibaki chini na juu yake ukatanda unga mweusi. "Kaboni za siku hizi mbovu, kaka," aliniambia. "Nimebadilisha muuzaji mara mbili, unga ni uleule."

Nilimwomba anioneshe pampu.

Plenti yenyewe ni ndogo, moja kati ya nyingi zilizo jirani na Bugarama, Halmashauri ya Msalala. Eneo hili wengi wanalijua kwa mgodi wa Bulyanhulu, ulioanza kuzalisha mwaka 2001, lakini pembeni ya mgodi mkubwa kuna uchumi mwingine unaoishi kwa marudio, yaani mchanga uliokwisha pita kwenye karasha na kwenye zebaki na bado una dhahabu. Marudio husagwa tena, huchanganywa na maji, chokaa na sianidi, kisha tope hupita tangi baada ya tangi. Sianidi huyeyusha dhahabu, na kaboni ya vifuu vya nazi, chembe za milimita 1 hadi 3 hivi, huinyonya.

Ukitaka kuelewa kazi ya pampu hapa, fuata mielekeo miwili. Tope hushuka lenyewe kutoka tangi la kwanza hadi la mwisho, na kila tangi lina chujio lenye matundu ya milimita 0.8 au pungufu, ambalo hupitisha tope na kuzuia kaboni. Kaboni huenda kinyume. Ile mpya huingia tangi la mwisho, mahali dhahabu ilikobaki kidogo, kisha hupandishwa tangi moja moja kuelekea la kwanza huku ikizidi kushiba. Tope halihitaji msaada wa kushuka, lakini kaboni haiwezi kupanda bila kusukumwa. Kila ikisukumwa hupita kwenye pampu, na kwa matangi sita chembe ileile hupita humo mara tano kabla ya kufika mbele, kisha mara nyingine ikitolewa kwenda kuvuliwa dhahabu.

Chembe ikivunjika na kuwa ndogo kuliko tundu la chujio, hakuna tena cha kuizuia. Inashuka na tope mpaka bwawani, na dhahabu yake mgongoni. Tuseme kaboni ya tangi la mbele imeshiba gramu 2,000 kwa tani. Kilo moja ya unga huo ina gramu 2 za dhahabu. Kilo 5 zikipotea kwa siku, ni gramu 10. Kwa mwezi, gramu 300. Mwenye plenti anayelinda geti kwa mbwa na taa usiku kucha anaweza kuwa anaibiwa mchana kweupe na bomba lake mwenyewe, na hakuna polisi wa kumpigia.

Pampu niliyooneshwa ilikuwa ya kawaida ya kuzungusha maji, imeungwa moja kwa moja na mota ya mizunguko 1,450 kwa dakika. Impela yake, lile gurudumu lenye mabawa, ilikuwa na kipenyo cha milimita 250. Piga hesabu: ncha ya bawa inakwenda mita 19 kwa sekunde, karibu kilomita 68 kwa saa. Kifuu cha nazi kilichochomwa kinapigwa na chuma kwa mwendo wa basi la Kahama. Halafu kwenye bomba la kutokea palikuwa na vali iliyofungwa nusu, kwa sababu pampu ikiachwa wazi ilitapisha tope nje ya tangi. Kwa hiyo kaboni iliyonusurika kwenye mabawa ilikwenda kukwaruzwa kwenye upenyo wa vali.

Tulichukua futi kamba. Kutoka uso wa tope hadi mdomo wa tangi linalofuata haikufika mita 3. Pampu ile, kwa kibao chake, iliweza kupandisha mita 20. Hapo ndipo ugonjwa ulipokuwa, na nimeukuta mahali pengi ukanda huu hadi Geita. Pampu inanunuliwa kwa nguvu, kama trekta, mtu anauliza farasi wangapi na bei gani. Swali la kwanza lilipaswa kuwa polepole kiasi gani naweza kwenda na kazi bado ikafanyika.

Dawa ya kwanza haikuhitaji pampu mpya. Mota ilitenganishwa na pampu, yakafungwa mapuli na mkanda, mizunguko ikashuka hadi 960. Kanuni ya pampu za aina hii inajulikana: kiasi cha maji hushuka sawasawa na mwendo, urefu wa kupandisha hushuka kwa kipeo cha pili, umeme kwa kipeo cha tatu. Mita 20 zikawa karibu 9, ambazo bado zinazidi mahitaji. Ncha ya bawa ikashuka hadi mita 12.6 kwa sekunde, na kishindo cha kila pigo kikapungua kwa zaidi ya nusu. Vali ikang'olewa kabisa. Kona kali za bomba zikabadilishwa kwa mikunjo mipana. Kuhamisha kaboni kukachukua muda mrefu zaidi, lakini kazi hiyo hufanyika mara moja au mbili kwa siku, haina haraka.

Dawa kamili ni pampu ya wima ambayo impela yake imerudishwa nyuma, nje ya njia ya tope. Inazungusha tope kama kimbunga, na chembe nyingi hupita bila kuguswa na bawa. Inakula umeme zaidi kwa kazi ileile, hilo nalikubali, na bado ningeinunua. Tena shafti yake haina mahali pa kuvujia chini ya tope, na palipo na sianidi kila tone lisilomwagika ni afya ya mtu.

Ipo pia njia isiyotumia pampu. Mgodi wa Homestake, Marekani, ulipoanza kutumia kaboni kwenye tope kwa kiwango kikubwa mwaka 1973, njia ya kuinulia kaboni kwa mapovu ya hewa ndani ya bomba ilikuwa tayari inajulikana. Haina bawa wala shafti. Kasoro yake ni kwamba bomba lazima lizame zaidi kuliko linavyopandisha, na hewa ina kaboni dayoksaidi inayokula chokaa.

Watengeneza mvinyo wa Dodoma, mkoa unaovuna zabibu mara mbili kwa mwaka, wana swali hilihili la kusukuma bila kuvunja wanapohamisha mvinyo kati ya matangi. Mbegu ya zabibu ikivunjika, uchungu unaingia. Hewa ikivutwa kwenye kiungo kilicholegea, ladha inaharibika. Ndiyo maana huchagua pampu za mwendo mdogo, za impela ya mpira au za kukamua bomba la mpira. Fikra hiyo tuichukue, vifaa tuwaachie. Mchanga wetu ungemaliza impela ya mpira kwa siku chache, na bomba linalokamuliwa husaga chembe zinazonaswa pale linapobanwa.

Kwa wenye visima vya kuloweka, ambao wanahamisha maji yenye dhahabu bila tope, hatari ni chuma chenyewe. Pampu ndogo ya petroli yenye ganda la alumini huliwa na chokaa. Impela ya shaba nyeupe au nyekundu huyeyushwa na sianidi, na sianidi hiyo ndiyo uliyoinunua iyeyushe dhahabu. Bomba la chuma lililopakwa zinki ni baya zaidi, kwa kuwa zinki huivuta dhahabu kutoka kwenye maji na kuigandisha ukutani mwa bomba. Tumia plastiki ngumu au chuma kisichoshika kutu.

Fundi yule sasa ana kazi moja ya ziada. Kaboni ikishahamishwa, hazimi mota mpaka apitishe maji safi bombani, kwa kuwa tope likisimama mchanga hulala chini, na kuwasha tena kwa kulazimisha kunasaga kila kilichobaki. Sahani nyeupe bado iko juu ya pipa. Anaijaza kila Jumatatu.