Lita ni za Povu

Bakuli kubwa la chuma kisichoshika kutu, la mashine ya kukandia unga na kuchapia keki, ni kitu rahisi kutengeneza. Kiwanda chenye mtambo wa kubonyezea bati kinaweza kutoa la lita 7, la lita 8 au la lita 10, na ukubwa huo ukaandikwa kwa tarakimu nene ubavuni mwa boksi. Ugumu uko kwenye mashine yenyewe. Humo kuna mota ndogo inayozunguka kwa kasi kubwa na nguvu kidogo, na mhandisi anatakiwa aigeuze kasi hiyo iwe mzunguko wa taratibu unaoweza kusukuma zaidi ya kilo mbili za unga wa mkate, dakika 8 au 10 mfululizo, na mashine isitembee juu ya meza. Watu wameishughulikia kazi hii kwa zaidi ya miaka 100. Walioifanya vizuri wanastahili kutazamwa kwa utulivu kabla mtu hajatoa fedha zake.

Mwaka 1908, huko Ohio nchini Marekani, mhandisi wa kampuni ya Hobart aitwaye Herbert Johnston alimwona mwokaji akikoroga donge la unga kwa mwiko wa chuma, akawaza kwamba kazi ile ingeweza kufanywa na mtambo. Miaka michache baadaye kampuni yake ilikuwa ikiuza mashine yenye bakuli la karibu lita 75 kwa wenye viwanda vya mikate, na Jeshi la Wanamaji la Marekani likaziweka katika majiko ya meli zake. Toleo la nyumbani lilitoka 1919 kwa jina la KitchenAid, modeli H-5. Lilikuwa na uzito wa kilo 30 hivi na bei ya dola 189.50, fedha nyingi mno kwa familia ya wakati ule. Likauzwa kwa kupelekwa mlango kwa mlango na kuonyeshwa likifanya kazi, maana kwa maneno matupu ilikuwa vigumu kumshawishi mtu.

Kilichoonyeshwa mlangoni kilikuwa mwendo. Ukiuzungusha mchapo, yaani kifaa kinachochapa rojo, mahali pamoja tu, unachimba shimo katikati ya rojo na unga wa kandokando unabaki mkavu. Katika H-5 mchapo ulijizungusha kwenye mhimili wake kuelekea upande mmoja, huku mhimili wenyewe ukibebwa kulizunguka bakuli kuelekea upande wa pili. Wahandisi wanauita mwendo wa sayari, ingawa dunia yetu hujizungusha na kulizunguka jua kwa upande uleule, na mchapo hufanya kinyume. Ukinyume huo ndio siri yenyewe, kwa kuwa rojo linalosukumwa na mzunguko mmoja linakutana na mzunguko mwingine unaolirudisha.

Namna mwendo huo unavyopatikana inanipendeza kila ninapoifikiria. Ndani ya kichwa cha mashine imefungwa gia kubwa ya mviringo yenye meno upande wa ndani, na gia hiyo haisogei kabisa. Juu ya mhimili wa mchapo kuna gia ndogo inayong'ata meno hayo. Mota inapoubeba mhimili na kuuzungusha, gia ndogo haina budi kubiringika ndani ya ile kubwa, na katika kubiringika inaugeuza mchapo kinyume. Haikuhitajika mota ya pili. Idadi ya meno nayo huchaguliwa kwa hesabu, ili mchapo usipite palepale kila mara: KitchenAid wanasema mashine yao ya lita 4.8 hugusa bakuli mahali 59 katika kila mzunguko. Ukiipata mashine ya namna hii, nyunyiza unga mkavu kidogo ndani ya bakuli, iwashe kwa mwendo wa chini kabisa, uangalie mchapo unavyochora petali moja kando ya nyingine mpaka ua linakamilika.

Sasa turudi kwenye lita. Ute wa mayai 10 ni kama mililita 300. Ukichapwa vizuri unaweza kupanda hadi mara nane, yaani karibu lita 2 na nusu za povu jeupe. Povu ni jepesi, karibu mota yoyote inalimudu. Linachodai ni nafasi. Chukua upande wa pili kilo 1.5 ya unga wa ngano na gramu 900 za maji. Unapata donge la kilo 2.4 ambalo linajaza lita 2 tu. Katika bakuli la lita 7 donge hilo linaonekana dogo, limejikunyata chini, na mwenye nyumba anashawishika kuongeza unga. Hilo linaloonekana dogo ndilo linalochosha mashine. Lita, basi, zinapima povu na rojo la keki. Kwa boflo, maandazi na mahamri, kipimo cha kweli ni uzito wa unga, na watengenezaji makini huutaja katika kijitabu cha maelezo. Huo ndio ukurasa wa kuusoma kwanza.

Uzito peke yake nao hautoshi kueleza. Unga wa ngano ukipata maji, protini zake mbili, glutenini na gliadini, huungana kuwa gluteni. Ya kwanza hulipa donge nguvu ya kujivuta na kurudi, ya pili huliruhusu linyooke bila kukatika. Kukanda ni kuupanga utando huo, na kadiri unavyopangika donge linazidi kuwa kaidi. Kwa hiyo mashine inakutana na mzigo unaokua mikononi mwake. Dakika ya kwanza inavuma kwa raha, na dakika ya sita sauti inashuka, kichwa kinaanza kutikisika, donge limejiviringisha kwenye kulabu ya kukandia na linapiga kuta za bakuli. Dakika hiyo ya sita ndiyo mtihani wa mashine. Ni nadra kuona duka linaloonyesha mashine ikiwa na donge la dakika ya sita ndani yake, wanaonyesha krimu.

Mwanamke wa Unguja au wa Lamu anayekanda unga wa mahamri kwa tui la nazi anaijua dakika hiyo kwa kiganja. Anasukuma kwa mzizi wa kiganja, anakunja, anageuza robo, anasukuma tena, na anaacha pale donge linapoanza kumrudishia nguvu aliyolipa. Kulabu ya mashine hujaribu kufanya hayo yote kwa umbo moja la chuma. Ile ya zamani yenye umbo la herufi C huelekea kulivuta donge juu, nalo hupanda shingoni mpaka unalazimika kusimamisha na kulishusha. Ile iliyosokotwa kwa mzunguko hulisukuma chini na kulikunja dhidi ya sakafu ya bakuli. Mimi nikiwa na chaguo nachukua iliyosokotwa, hata kama bei inapanda kidogo.

Kuna kazi nyingine ya kihandisi ambayo mnunuzi haioni mpaka siku ya kuharibika. Katika mashine nyingi za KitchenAid mota imelala ndani ya kichwa, na mzunguko wake unageuzwa kuelekea chini kwa msaada wa parafujo ya chuma inayosukuma gia ya mviringo. Gia hiyo imetengenezwa laini kuliko nyingine, kwa makusudi. Mzigo ukizidi, meno yake ndiyo yanayokatika, na mota inasalimika. Fundi anafungua kichwa, anafuta grisi ya zamani, anaweka gia mpya, anapaka grisi inayofaa kwa vyombo vya chakula, na mashine inarudi kazini. Aliyeichora alikubali mapema kwamba siku moja kitu kitavunjika, kisha akachagua kwa niaba yetu kivunjike kipi. Heshima ya namna hiyo kwa mtu wa mbali atakayeitumia mashine baada ya miaka 30 siioni katika vyombo vingi vya umeme vya siku hizi.

Njia za kupeleka nguvu ya mota kwenye donge ni zaidi ya moja. Kenneth Wood wa Uingereza alitoa Kenwood Chef mwaka 1950, na katika Chef nyingi ni mkanda unaopeleka nguvu kwenye gia za kichwani. Sweden walikwenda mbali zaidi. Mwaka 1940 kampuni ya Electrolux ilitoa Assistent, iliyobuniwa na Alvar Lenning, na inatengenezwa mpaka leo katika mji wa Ankarsrum. Humo mota iko chini na bakuli lenyewe ndilo linalozunguka. Pembeni kunakaa rola yenye mifereji inayoliminya donge dhidi ya ukuta, na kisu bapa kinachokwangua. Juu ni wazi, kwa hiyo unamimina unga na maji huku kazi inaendelea, na unaliona donge muda wote. Inakanda kwa upole na inataka subira, lakini haitikisi meza. Kwa mtu ambaye kazi yake ni mkate zaidi ya keki, naiona kuwa ndiyo mashine ya nyumbani iliyofikiriwa vizuri kuliko zote, ingawa kuipata huku kwetu ni kuagiza.

Ukubwa una gharama yake. Weka ute wa mayai mawili katika bakuli la lita 7 na mchapo unaweza kupita juu yake bila kuugusa. Ndiyo sababu mashine nzuri zina mahali pa kurekebisha: kwenye Kenwood ni nati iliyo juu ya shina la mchapo, unailegeza kwa spana na kuushusha mchapo mpaka uwe karibu kabisa na sakafu, kwenye KitchenAid ni skrubu shingoni. Watu wengi wanakaa na mashine miaka wakilalamika kuwa haichanganyi chini, na dawa ni nusu mzunguko wa spana. Kama keki yako ya kila wiki ni ya mayai manne, mashine ya lita 5 yenye gia imara itakufaa kuliko ya lita 10 inayotetemeka.

Kisha kuna joto, na hapa mwokaji wa Dar es Salaam au Mombasa hawezi kuiga bila kufikiri kilichoandikwa kwa ajili ya nchi za baridi. Msuguano wa kulabu hulipasha donge moto. Waokaji wa kazi hutaka donge la mkate litoke bakulini likiwa na nyuzi 24 hadi 27 za selsiasi. Likizidi hapo hamira inakimbia na ladha inabaki nyuma. Hesabu yao ni fupi. Chukua joto unalolitaka, lizidishe kwa 3, kisha toa joto la unga, joto la chumba na joto la msuguano. Tuseme unataka 26: mara 3 ni 78. Unga una 30, chumba kina 31, na kwa msuguano wa mashine ya nyumbani tuweke 12. Kinachobaki ni 5, na hilo ndilo joto la maji yako. Maji ya jokofu, basi. Kasi nayo iwe ya chini: KitchenAid wanaagiza donge la hamira lisikandwe kwa kasi inayozidi namba 2, na sababu ni gia pamoja na joto.

Juu ya wati sina maneno mengi. Zilizoandikwa kwenye boksi ni umeme unaoliwa na mota, na sehemu yake tu ndiyo inayofika kwenye kulabu. Ile KitchenAid ya lita 4.8 ni ya wati 300, na inakanda. Usinunue wati.

Umeme wenyewe uangaliwe kwa anayeletewa mashine na ndugu wa ughaibuni. Ya Marekani ni ya volti 120. Tanzania tuna 230 na Kenya 240, na ukiichomeka moja kwa moja ukutani umeiunguza. Itahitaji transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo unaozidi wati za mashine, tena transfoma nzito inayokaa mezani siku zote. Ndugu aliye London au Muscat anaweza kukuletea inayochomekwa kama ilivyo, kwa plagi ileile ya pini tatu bapa. Mtumie ujumbe mapema, kabla hajapakia kontena.

Ukifika dukani, inyanyue mashine kwanza. Nzito ni dalili njema, kwa kuwa chuma ndicho kinachoishikilia mezani. Funga kichwa, shika mchapo, uutikise: ukicheza sana ingali mpya, utacheza zaidi mwaka ujao. Uliza gia ya akiba inapatikana wapi, na nani mjini anaijua kazi ya kuibadilisha. Mwisho mwambie muuzaji akutajie inakanda kilo ngapi za unga wa mkate. Akikujibu kwa lita, omba kijitabu ukisome mwenyewe. Na kama humo pia hakuna uzito wa unga, nenda duka la pili.