Istilahi za Darubini za Bunduki za Kijapani: Uhakiki

Rasimu ya orodha ya istilahi za silaha za kale, ambayo tumepata kuisoma, imetenga sehemu yake ya mwisho kwa darubini za bunduki zilizotumiwa na jeshi la Japani katika Vita Kuu ya Pili. Huenda msomaji akauliza jambo hili latuhusu nini. Latuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, askari wa Afrika Mashariki walipigana na Wajapani huko Burma mwaka 1944 na 1945, na habari za vita hivyo zastahili kuandikwa kwa Kiswahili fasaha. Pili, vifaa hivi huhifadhiwa katika majumba ya makumbusho na huuzwa kwa wakusanyaji. Istilahi isiyo sahihi yaweza kumpotosha mhifadhi na kumtia mnunuzi hasara.

Tuanze na yaliyo mema. Mtungaji amechagua "darubini ya bunduki" badala ya kukopa neno jipya. Twamuunga mkono. Darubini ni neno la asili ya Kiajemi, lenye maana ya kuona mbali, nalo limekwisha kuwa letu. "Mdunguaji", kwa askari apigaye risasi kutoka mafichoni, nalo lina mizizi: kudungua ni kuangusha kitu kilicho juu kwa kukilenga, kama vile embe au ndege.

Kasoro ya kwanza ni "Aina ya 97". Msomaji atadhani kwamba zilitangulia aina 96. Sivyo. Namba hiyo ni tarakimu mbili za mwisho za mwaka 2597 wa kalenda ya kifalme ya Kijapani; ukitoa 660 wapata 1937. Kwa hesabu hiyo bunduki ya 99 ni ya mwaka 1939. Lakini kanuni hii haishiki kwa bunduki ya 38, ambayo ndiyo iliyozaa bunduki ya kudungulia ya 97. Hapo 38 ni mwaka wa utawala wa Mfalme Meiji, yaani 1905. Twapendekeza "muundo wa mwaka 97", na maelezo yataje ni kalenda ipi.

Kasoro ya pili ni neno "nguvu", lililotumiwa kwa dhana mbili. Darubini moja hupigwa chapa ya 2.5 na nyuzi 10, nyingine 4 na nyuzi 7. Namba ya kwanza ni mara ambazo kitu hukuzwa. Ya pili ni pembe ya eneo lionekanalo. Darubini ya pili hukuza zaidi lakini huonyesha eneo dogo zaidi. Ipi basi ndiyo yenye "nguvu"? Yafaa kusema "ukuzaji" na "uwanja wa mwono".

Tatu, orodha yaiita darubini iliyofungwa upande wa kushoto wa bunduki "darubini iliyopinda". Hili ni kosa la hatari. Haikupinda, iliwekwa pembeni makusudi ili askari aweze kujaza risasi tano kwa mpigo kutoka juu. Mthamini akisoma "iliyopinda" atapunguza bei ya kifaa kizima kisicho na dosari. "Darubini ya pembeni" latosha.

Nne, na hili ndilo zito kuliko yote, ni "inayolingana". Darubini nyingi za namna hii hazikuwa na kitasa cha kurekebishia shabaha. Mdunguaji alikadiria umbali na upepo kwa mistari iliyomo ndani ya darubini. Kwa hiyo kila darubini ilirekebishwa kiwandani pamoja na bunduki yake, na namba ya bunduki ikapigwa juu yake. Darubini mbili za muundo mmoja zalingana kwa kila hali, lakini ni moja tu iliyo ya bunduki ile. Wakusanyaji hulipa zaidi sana kwa jozi isiyotengana. Tuseme "zenye namba moja", neno ambalo mtu aweza kulihakiki kwa macho yake.

Mwisho, "halisi" limebebeshwa mzigo mkubwa mno. Darubini yaweza kuwa imetoka kiwandani Japani wakati wa vita, kisha ikafungwa baadaye juu ya bunduki ya kawaida iliyotobolewa matundu. Darubini ni halisi, jozi siyo. Twashauri "halisi" litumike kwa kifaa kisichoigizwa, na "ya asili" kwa jozi iliyobaki kama ilivyotoka kiwandani.

Mtungaji amefanya kazi kubwa, na sehemu nyingine za orodha yake zafaa kupitishwa. Sehemu hii isisanifishwe kwanza. Kasoro zake zote zina chanzo kimoja: neno limetafsiriwa kabla ya kifaa kuchunguzwa. Twaomba wahifadhi wa makumbusho na askari wastaafu waisome na kutuletea maoni yao.