Chumvi Kwenye Kinanda

Kinanda cha umeme kinachopigwa Malindi, Watamu au Kilifi huliwa na chumvi kabla ya kuliwa na uzee. Upepo wa bahari huipeleka kwenye kila upenyo, na ikishaingia haikai kavu: unyevu wa hewa ukifika takriban asilimia 75, chumvi huvuta maji na kuyeyuka. Pwani hii huvuka kiwango hicho usiku mwingi wa mwaka, hasa wakati wa masika. Majimaji hayo ndiyo yanayokula shaba ya saketi.

Neno kinanda ni la zamani kuliko umeme. Limewahi kumaanisha chombo cha nyuzi, santuri, na pia hamoniamu ya Kihindi iliyokolea katika taarabu ya Mombasa. Jina limebaki, adui amebadilika. Mwenye hamoniamu alihofia panya kwenye mivukuto. Mwenye kinanda cha leo huhofia hewa yenyewe.

Katika vinanda vingi vya leo, chini ya kila kitufe mna kikombe cha mpira chenye vidonge viwili vya kaboni. Kitufe kikishuka, kimoja hugusa saketi kabla ya mwenzake. Kinanda hakipimi nguvu ya kidole, hupima muda uliopita kati ya miguso hiyo miwili: ukiwa mfupi, sauti huwa kubwa. Mguso mmoja ukichafuka, kitufe huropoka katikati ya wimbo wa taratibu, au hunyamaza kabisa, na lawama humwangukia mpigaji bure.

Harusi ina mchango wake katika uchafu huo. Mrashi hauchagui, hunyunyizia wageni na vyombo pia. Moshi wa udi huacha utando wa mafuta. Mkono uliotoka kwenye sinia ya halua hurudi moja kwa moja kwenye vitufe. Hoteli za ufukweni huongeza mchanga, na mapaa ya makuti huangusha vumbi na sisimizi.

Usafishaji wa nje huanza kwa kuchomoa waya wa umeme, kisha brashi laini na kavu. Anayetangulia na kitambaa kibichi hutengeneza tope na kulisukumia ndani. Baada ya vumbi hupita kitambaa cha pamba kilichokamuliwa vizuri, chenye maji baridi na tone la sabuni. Maji ya kisima cha karibu na bahari hayafai, kwani yana chumvi ile ile. Petroli na dawa ya kufutia rangi ya kucha huharibu plastiki.

Kufungua kinanda ni kazi ya fundi, na utulivu wake ndio unaostahili sifa. Fundi mzuri hupenda Januari na Februari, kaskazi ikivuma na mvua ikiwa haba. Skrubu huzipanga juu ya karatasi kwa utaratibu zilivyotoka, maana ndefu ikiingia mahali pa fupi hutoboa kisichotobolewa. Miguso huifuta kwa pamba yenye alkoholi ya isopropili isiyopungua asilimia 90, bila msasa, kwa kuwa tabaka la kaboni ni jembamba. Halafu hungoja ikauke. Vidonge havigusi kwa ncha za vidole: jasho nalo ni chumvi. Mwisho hubonyeza vitufe kimoja kimoja, kwa upole kisha kwa nguvu, akisikiliza. Mafundi wengi hawajui kupiga hata wimbo mmoja, lakini kitufe kigonjwa hakiwapiti.

Sintesaiza za zamani zina jambo la ziada. Yamaha DX7, iliyotoka mwaka 1983, hutunza sauti za mwenyewe kwa betri ndogo ya volti 3 iliyolehemiwa ndani. Betri ikifa, sauti hizo hupotea. Kwa hiyo huhifadhiwa kwanza kwingine, ndipo betri ibadilishwe.

Kinanda kinachowashwa mara kwa mara hukauka kwa joto lake lenyewe. Kikipumzika hufunikwa leso, si nailoni, kwani nailoni hufungia unyevu ndani. Kwenye sanduku lake huwekwa vipakiti vya silika vinavyopatikana katika maboksi ya viatu vipya. Mchele, ambao wengi huusifia kwa kazi hiyo, huja na vumbi lake na fukusi.